Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Walimu wa Kiswahili

Ndugu wanachama,

Semina mbili, mashindano ya insha na ziara ya Bagamoyo zilifanyika kama mjuavyo. Tuko wanachama 64. Waliolipa ada ya shilingi 20,000 ni 27. Mkutano wa Julai tulihudhuria 11, akidi haikutimia, tukarudi majumbani. Inasikitisha.

Nije kwenye jambo lililozua maneno: shilingi 270,000, nusu ya ada zote, alizolipwa mchapaji aingize kwenye kompyuta insha 90 za kidato cha tano. Kamati iliidhinisha, muhtasari upo. Programu niliyotumia kuhesabu na kupanga maneno ya insha hizo, AntConc, iliyotengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, ni ya bure. Kilichogharimu ni mwandiko wa mkono, maana kompyuta haihesabu kisichochapwa.

Wanafunzi walipewa matini mbili kuhusu chimbuko la Kiswahili: moja ikishikilia wingi wa maneno ya Kiarabu, nyingine ngeli na minyambuliko ya vitenzi vya Kibantu. Nilikesha siku kadhaa, naita neno "pia", linajipanga mstari chini ya mstari pamoja na maneno yaliyolizunguka. Mmoja kaandika: "Kiswahili ni Kiarabu kwa sababu kina maneno mengi ya Kiarabu. Pia ni Kibantu kwa sababu kina ngeli." Matini zinapingana, yeye kaziunganisha kwa "pia"! Miaka 19 nimeandika "fafanua" kwa kalamu nyekundu kwenye insha za namna hiyo, nisijue kwamba ni tatizo la darasa zima. "Ilhali" na "hata hivyo" zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Tena mifuatano ya maneno manane, tisa, ilinyofolewa kwenye matini vilevile ilivyo.

Ndugu mmoja alilalamika kwamba mashine haiwezi kusahihisha insha. Haikusahihisha hata moja. Ilihesabu tu, kuamua ni kazi ya mwalimu. Nilibandika mistari ile ubaoni nikauliza: hawa waandishi wawili wanakubaliana? Mwanafunzi yuleyule akaandika upya: "Maneno hukopwa, lakini ngeli hazikopwi kirahisi, kwa hiyo hoja ya pili ina uzito zaidi." Insha zote mbili ninazo hapa, atakaye aje azisome.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatumaini kuwafikia kidato cha tatu na kupata kompyuta nyingine, fedha zikiruhusu. Wenzetu 37 wanadaiwa jumla ya shilingi 740,000. Mweka hazina yuko mlangoni hadi saa kumi jioni, na risiti anazo.