Nilikata desimali mapema, sasa silali

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 26 na ninafanya mtihani wa hisabati kama mtahiniwa binafsi. Nilipoufanya nikiwa shuleni nilianguka, na kwa miaka mingi sikutaka hata kuliona somo lenyewe. Safari hii nimesoma kweli, usiku baada ya usiku, nikitoka kazini. Karatasi ya kwanza tuliifanya Jumatatu. Ya pili ni wiki ijayo, lakini kila nikifungua daftari kuisomea, mkono unarudi kwenye swali moja la Jumatatu.

Lilikuwa na sehemu mbili. Duara lina eneo la sentimita za mraba 50. Tafuta nusukipenyo chake, jibu liwe katika nafasi moja ya desimali. Kikokotoo kilinipa 3.98942 na tarakimu nyingine nyuma yake. Nikaandika 4.0, na hapo sina shaka. Sehemu ya pili ilitaka ujazo wa tufe lenye nusukipenyo hichohicho, kwa namba nzima iliyo karibu. Nami nikafuta kikokotoo, nikaingiza 4, nikapata 268. Nilipigia mstari chini ya jibu nikiwa na furaha kabisa.

Nyumbani nilirudia kwa namba ndefu yote, bila kukata kitu. Ikatoka 266. Nikarudia tena, 266. Sasa naelewa kilichotokea: nusukipenyo kinazidishwa chenyewe mara tatu, kwa hiyo kipande kidogo nilichoongeza juu kiliingia mara tatu pia. Lakini Shangazi, mimi nilitumia jibu ambalo swali lenyewe liliniambia niandike. Ni kosa hilo?

Swali jingine sina hata la kujitetea. Nilipata 7.4461, wakataka nafasi moja ya desimali. Kwa haraka nikaandika 7.45 pembeni, kisha kutoka hapo nikapanda hadi 7.5. Jibu ni 7.4, kwa sababu tarakimu ya kuangaliwa ni ile ya pili tu, na ni 4. Jambo hili nimewahi kumfundisha mwenzangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Huyo mwenzangu, tunayesoma pamoja, anasema msahihishaji akiona 268 anapiga mkasi na kuendelea. Mwalimu wetu wa jioni anasema alama nyingi huwa kwenye njia, na mimi njia yote niliiandika: kanuni, namba nilizoingiza, kila hatua. Wote wawili nawaheshimu. Tatizo ni kwamba usiku namsikia mwenzangu peke yake. Najumlisha alama nikiwa kitandani: nikipoteza moja hapa, mbili pale, je, bado nitafikisha za kufaulu? Kila usiku jumla inakuja tofauti.

Kinachonitisha zaidi ni kilichotokea jana. Nilijipima kwa karatasi ya zamani, nikaogopa kukata tarakimu yoyote. Kila mstari nikawa nanakili tarakimu tisa kutoka kwenye kikokotoo hadi kwenye karatasi, nikikagua moja moja. Muda uliisha maswali mawili sijayagusa, na katika mojawapo ya niliyofanya nilikuwa nimenakili 6 mahali pa 9. Kwa hiyo woga wa kupoteza alama moja umenipotezea maswali mawili mazima, na hiyo ilikuwa ni mazoezi tu.

Ada ya mtihani alinilipia dada yangu. Jumatatu jioni aliniuliza, "Umeionaje karatasi?" Nikamjibu kwamba ilikuwa nzuri. Tangu hapo namkwepa, na yeye hajanikosea chochote.

Naomba unisaidie kwa mambo haya. Nifanyeje ili karatasi ya kwanza itoke kichwani kabla ya ya pili? Nimwombe mwalimu akae nami tupitie yale maswali mawili ya Jumatatu nijue nimepoteza kiasi gani, au kujua kutanivunja zaidi? Kuna anayejua namna ya kushika namba ndefu mpaka mwisho bila kuandika zote, ili nisikate mapema na nisichelewe pia? Na dada yangu, nimwambie sasa au nisubiri matokeo?

Ni mimi, mtahiniwa wa jioni