YAH: Malalamiko kuhusu faili mlilouza kuwa "linaharirika"

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba radhi nikikosa upole mahali. Barua hii nimeianza mara tatu na bado mkono unatetemeka.

Sielezi tulivyokubaliana, ankara yenu inaeleza: "Fomu ya maendeleo ya mwanafunzi, nakala laini, inayoharirika, Sh. 85,000." Hilo neno la mwisho ndilo nililolilipia. Fomu ya karatasi tupu ningetoa kopi popote hapa Morogoro.

Jumatatu nikafungua flashi ofisini. Nabofya penye jina la mwanafunzi, kimya. Nabofya penye alama, kimya. Ukurasa mzima ni picha ya skana, hata kivuli cha pini ya karatasi kinaonekana kwenye kona. Siilaumu PDF, aina ya faili mliyonipa, maana ikiandaliwa vizuri huwekewa visanduku vya kujaza. Hii yenu haina hata kimoja, nami nina wanafunzi 312 na shule inafungwa Ijumaa.

Nikarudi kwenu. Kijana wa kaunta akachapisha ukurasa mmoja, akachukua kalamu, akachora mstari wa wino juu ya nembo ya shule yetu, akasema: "Mama, si ulitaka inayoandikika? Hii hapa, imeandikika." Watu kwenye foleni wakacheka.

Kabla ya hapo nilikuwa nimewapigia simu mara nne bila kupokelewa. Hilo nalo mlijue.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kauli ya kutendeka ninaifundisha kila mwaka: soma, someka, futa, futika, hariri, haririka. Kuandikika ni kupokea wino tu, hata ukuta unaandikika kwa mkaa. Kuharirika ni kile kilichokwisha kuandikwa kukubali kubadilishwa. Tofauti hii mnaijua, kwa sababu kwenye kabati lenu la vioo mnauza CD-R na CD-RW kwa bei mbili. Ya kwanza ukishaiandika hufuti kitu, ya pili unafuta na kuandika tena. Mteja akilipia RW mkampa R, mtamchorea mstari kwa kalamu?

Narudia lile la kaunta, maana ndilo linaloninyima usingizi. Kijana hakuinuka kwenye kiti. Shikamoo sikuipata, na umri wangu ni wa mama yake. Alichora mstari taratibu, kutoka kushoto hadi kulia, akikata nembo katikati, huku akiwatazama watu wa foleni badala ya kunitazama mimi. "Imeandikika." Nyuma yangu alisimama mzazi wa mwanafunzi wangu wa darasa la tano. Hakucheka. Aliangalia chini kwa aibu, na aibu ile ilikuwa yangu.

Nilipoanza kuandika nilitaka jambo moja tu: faili la Word lenye fomu hiyohiyo. Sasa nataka faili hilo kabla ya Alhamisi saa sita mchana, pamoja na Sh. 85,000 zangu zote, kwa sababu usiku wa Jumatatu na wa Jumanne nimekesha nikichapa fomu upya kwa mkono wangu. Nataka pia barua ya kuomba radhi, yenye sahihi yako wewe na si ya kaunta, iletwe kwa mwalimu mkuu, kwani nembo iliyokatwa ni ya shule.

Alhamisi ikipita kimya, Ijumaa nitapeleka ankara na flashi Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, nanyi mmempotosha kwa maandishi, kwa neno moja, kwenye ankara yenye muhuri wenu. Barua ya Tume ipo tayari, imebaki tarehe.

Wako mteja,
Mwalimu wa Taaluma

Kiambatisho: nakala ya ankara, na nakala ya ukurasa wenye mstari wa kijana wenu. Nakala halisi ninabaki nazo.