Ndovu wanaitana kwa majina, na sisi je?

Mhariri,

Tangu nisome kwamba ndovu huitana kwa majina, sijatulia. Watafiti walichambua kwa kompyuta miito 469 ya ndovu wa Amboseli na Samburu, iliyorekodiwa kati ya 1986 na 2022, na matokeo yakachapishwa Juni 2024. Ndovu 17 walipochezewa sauti hizo, walielekea kuitika na kusogea upesi zaidi waliposikia mwito uliowalenga wao kuliko uliomlenga mwenzao. Wala hawaitani kwa kuiga sauti ya anayeitwa, kama wafanyavyo pomboo. Sisi wa Voi, ambao ndovu hutuvamia mashambani (na tuna haki ya kulalamika), hatukuwahi kuwaza hivyo.

Kilichoniuma zaidi ni ya nyumbani kwangu. Msichana anayetusaidia kazi tumekaa naye miaka miwili, na wanangu humwita "wewe". Sikuwakanya. Mlinzi wa jengo letu ni "soja" tu. Mamangu naye alipolazwa, aliitwa "kitanda cha tisa" mpaka siku ya kutoka. Jambo hilo analitaja hadi leo. Ugonjwa wenyewe hautaji.

Jumapili nilimwuliza yule msichana jina lake kamili na nani aliyempa. Ni la nyanyake. Alinisimulia habari za bibi huyo hadi chai ikapoa. Wanangu sasa humwita Dada, na jina lake juu. Nawasihi wazazi wenzangu waanze leo jioni, mezani.

Msomaji,
Voi