Mbona joho la Superman limetoka jeusi?

Swali hili tunaulizwa kila mara tunapokabidhi picha za "Mombasa ya kale", tunazotengeneza kwa kumweka shujaa wa komiki katika enzi za zamani. Mteja ameagiza Superman wa mwaka 1895, sura iwe ya mwanawe, nyuma yake mlango wa kuchonga wa Mji wa Kale. Anaikunjua picha, anaisifu, halafu anaguna: joho jekundu limekuwa jeusi tii, na vazi la buluu limepauka kama lililorowekwa jiki.

Printa haina kosa. Sahani za kioo za wapiga picha wa wakati ule, zilizowekwa kamerani kunasa picha, zilishika buluu upesi, nyekundu karibu hazikuiona kabisa. Kwenye karatasi, buluu hutoka nyeupe-nyeupe na nyekundu hutoka giza. Tukichukua mchoro wa leo tukaupaka ukahawia juu, utaona tu kuna kitu hakijakaa sawa, hata kama hujui ni kipi.

Ndiyo maana kwanza tunauliza: mwaka gani? "Zamani" haitoshi. Mwaka 1593, Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus, kamera haikuwako. Hiyo ni kazi ya mtindo wa rangi ya mafuta, mwanga ukitoka upande mmoja na shavu la pili likizama kivulini, na hapo wekundu wa joho unabaki. Miaka ya 60 ni ya picha za studio: pazia lililochorwa, redio mezani na maua ya plastiki. Spider-Man hukaa vizuri humo. Naye alitoka 1962.

Nguo nazo zina tarehe zake. Laikra, uzi unaonyumbulika, ilibuniwa 1958, kwa hiyo Batman wa karne ya 19 hawezi kubanwa mwili mzima bila mkunjo. Tukimshonea sufu, lazima ijikunje magotini na viwikoni. Wateja wengi huona heri kanzu, kizibao, joho la bushuti na jambia kiunoni. Kwa macho yetu, Batman huyo ndiye anayependeza kuliko wote. Joho alikuwa nalo tayari!

Jambo moja hatulegezi. Superman na Batman ni mali ya kampuni ya komiki ya DC, Spider-Man ni wa kampuni ya Marvel. Fulana za kuuza au bango la duka lako hatuchapishi bila idhini ya maandishi ya wenyewe. Mwenye biashara tunamshauri amchukue Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za Waswahili: ni wa pwani yetu, na hakuna kampuni itakayomdai. Huyu tunampeleka kinyume, kwenye komiki za Marekani za miaka ya 40, na karatasi yake rahisi, mistari minene na vitone vya rangi vinavyoonekana ukisogeza jicho.

Picha ya uso itume WhatsApp kama dokumenti, isiwe iliyokwishazunguka kwenye magrupu. Simama karibu na dirisha, usiwashe flashi. Na ukitaka ya 1895, usitabasamu sana.