Mwenendo wa shauri usisafiri kwa WhatsApp

Ndugu Mhariri,

Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo likifika rufaa ya pili, mrufani huwasilisha hati yake Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, nayo huipeleka Mahakama Kuu pamoja na mwenendo, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa na kuamuliwa, wa mahakama zote mbili. Kwa shauri la Ukerewe, majalada hayo hutegemea kivuko. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia: kupiga picha kurasa kwa simu na kuzirusha WhatsApp.

Picha hizo hubaki kwenye simu ya aliyetuma na ya aliyepokea. Simu ikiibiwa stendi, jina la mtoto aliyetajwa humo limekwenda nayo. Tena WhatsApp hubana picha; mwandiko wa hakimu hufifia, 3 ikasomeka 8, na tarehe ya hukumu, ambayo ndiyo mwanzo wa kuhesabu siku za rufaa, ikazua ubishi usio na sababu.

Mahakama inao mfumo wake wa kielektroniki wa kusimamia mashauri. Uwe njia pekee. Ila mfumo hauokoi jalada lililoskaniwa ovyo. Karani atoe pini, anyooshe kona zilizokunjika, askani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) mbele na nyuma, kisha ahesabu kurasa na kuandika idadi kwenye hati ya makabidhiano. Zikitumwa 112 zikafika 111, mpokeaji arudishe jalada siku hiyohiyo, asingoje wadaawa wasimame mbele ya jaji ndipo igundulike kwamba ushahidi wa shahidi wa pili haupo.

Kila faili itolewe alama ya SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64 zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili, na mpokeaji aikokotoe upya. Ikibadilishwa koma moja tu, alama nzima hubadilika. Karani asome herufi 8 za mwanzo na 8 za mwisho kwa simu ya ofisi. Alama isiambatanishwe na faili, maana anayeweza kuchezea faili ataichezea na alama.

Paswedi moja kwa makarani watatu ni hatari kubwa kuliko wadukuzi. Siri ikivuja, rejesta ya mfumo itaonyesha jina moja kwa watu watatu, na hakuna wa kuulizwa. Kila mtu awe na akaunti yake, na karani akihamishwa kutoka Magu kwenda Misungwi, ya Magu ifungwe siku anapokabidhi ofisi. Mashauri ya watoto yafunguliwe na waliopangiwa tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunayo tayari.

Mtandao wa visiwani ukikatika, faili isimbwe, yaani ifungwe kwa msimbo wa siri, na kusubiri kwenye kompyuta ya mahakama hadi urudi. Flashi ya mtu binafsi isiguswe.

Tunaomba Mahakama Kuu Kanda ya Mwanza ianze na masjala ya Nansio, Ukerewe: skana moja ya kulisha karatasi, betri ya akiba, na simu ya mezani ya kuthibitishia alama.

Wadau wa kumbukumbu za mahakama,
Mwanza