Simu haikubali kutapu kulipia? Soma hii kabla hujaja kutugombeza

Juzi tena mteja katuwakia pale kaunta, ati tumembadilishia glasi ya nyuma ya iPhone tukaua "kile kitu cha kulipia". Simu imetoka Dubai, huko ukiweka kadi ya benki ya kule unaisogeza kwa mashine unalipa, sasa yuko Mombasa anaweka kadi ya benki yake ya hapa, inakataa. Jamani, hiyo si glasi! Antena ya NFC (mawimbi ya karibu yanayoongea na mashine ya kulipia) ya iPhone iko juu kabisa, na tuliijaribu na stika yetu ya NFC mbele ya macho yake, ikasoma.

Hicho kitu cha kulipia kwa iPhone kinaitwa Apple Pay, nacho kinaingia nchi kwa nchi, benki kwa benki, na kila benki lazima ikubaliane na Apple. Ilipoanza Marekani 2014 iliripotiwa Apple inachukua kwa benki senti 15 kwa kila dola 100 za kadi ya mkopo, kwa hiyo usishangae benki zikivuta miguu. Za Australia ziliomba zijadiliane na Apple kwa pamoja, mamlaka ya ushindani ikawakatalia 2017. Imarati wameipata mwaka huohuo, Afrika Kusini 2021, sisi bado, na bisibisi yangu haisaini mikataba.

Android ni habari nyingine. Google Wallet, programu ya Google ya kulipia kwa simu, hapa Kenya inafanya kazi na baadhi ya benki, kwa hiyo ikifa baada ya matengenezo, hapo kweli muulize fundi. Samsung nyingi za bei, antena ni utando mwembamba umekaa pamoja na koili ya kuchajia bila waya, chini ya glasi ya nyuma. Fundi wa chapchap hapashi glasi moto gundi ilegee, anachokonoa tu na kisu, utando unachanika, anafunika, simu inawaka, unaondoka unachekelea bei. Kuna dada alituletea moja, kufungua tukakuta pini za antena zimeganda supagluu, akalipia koili mpya na glasi mara ya pili.

Halafu kuna wale wa kuruti simu, yaani kuvunja ulinzi wa mfumo wake, wapate programu za bure, Wallet ikigoma wanataka antena mpya. Huyo tunamrudishia programu ya kiwandani, na kila kitu kinafutika, kwa hiyo hamisha picha kwanza.

Ndiyo, bei yetu iko juu ya ya jirani. Ndani yake kuna kupasha moto, gundi ya maana, na kujaribu NFC kabla na baada wewe ukiwa umesimama hapo. Njoo simu ikiwa na chaji, na utoe ile kava ya chuma.