Shukrani kwa dada mkalimani

Dada, jina hukutuachia, lakini alama ya mkono wako ipo kwa kila mzazi Mswahili hapa Marekani anayeingia kikao cha shule na karatasi zake.

Wewe ndiye uliyesisitiza ombi la kumpima mtoto, kujua kama ana ulemavu wa kujifunza, liandikwe, litiwe tarehe, na nakala ibaki nyumbani. Ombi la mdomo hupotea. Sheria ya shirikisho inaipa shule siku 60 za kumaliza upimaji tangu ipokee kibali cha mzazi chenye saini, isipokuwa jimbo liwe na muda wake. Asiye na tarehe atahesabu kuanzia wapi?

Ahsante zaidi kwa swali lile: "Mmempima kwa lugha gani?" Akipimwa kwa Kiingereza pekee, ugeni wa lugha huonekana kuwa ulemavu, au disleksia, yaani ulemavu wa kusoma, hufichwa miaka mingi kwa maneno "bado anajifunza Kiingereza". Yote mawili yanaumiza. Ukawafundisha wazazi kuangalia nyumbani: hata kwa Kiswahili, anapotea akiambiwa "chukua ndoo, kisha funga mlango"? Anashindwa kutaja neno linaloanza kama "baba"? Yaandikeni, ulisema, myapeleke.

Watoto weusi huitwa watukutu upesi mno. Ulitukumbusha kwamba mwenye mpango maalumu wa masomo akisimamishwa zaidi ya siku 10 za shule mfululizo, shule lazima ichunguze kama kosa limetokana na ulemavu wake.

Na mkalimani hulipwa na shule, mtoto asitafsiri kikao chake mwenyewe. Mungu akuzidishie, dada yetu.